Ardhi ya wote si ardhi isiyo na mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hapa majuma machache yaliyopita. Alisema kwamba sisi wakazi wa Tanga tumezoea kuwalaumu Wajerumani kwa kila jambo, hata kwa visima vinavyokauka kwa sababu ya uvivu wetu wa kuvisafisha, na kwamba ukoloni ulimdhuru Mwafrika kwa ajili ya rangi yake, hivyo siku bendera ya mgeni iliposhushwa na rangi ikakoma kuwa sheria, madhara nayo yalikwisha na kilichobaki ni visingizio. Kuhusu visima nakubaliana naye. Kuhusu hilo la pili nadhani amekosea, na ningependa kumwonyesha kosa lake kwa mfano wa watu ambao si weusi, hawajawahi kukanyaga Afrika, na ambao babu zao walikuwa wakoloni wenyewe.

Kwanza nieleze ninakosimama. Nilikuwa mtendaji wa kijiji katika wilaya ya Muheza kwa miaka mingi kiasi cha kuchoka na mihuri. Kijiji changu cha mwisho kilizungukwa na mkonge pande tatu. Makaburi ya wazee wa kijiji hicho yako chini ya miembe mitatu mikubwa, na miembe hiyo imo ndani ya mpaka wa shamba. Kila mwaka mwezi wa Shaabani, kabla ya kuingia Ramadhani, watu huenda kufyeka majani na kuwasomea dua marehemu wao. Kazi yangu ilikuwa kuandika barua ya kuomba ruhusa ya kuingia, kuigonga mhuri na kuipeleka ofisini kwa meneja, ambaye kwa kawaida alikubali, na mara mbili alikataa kwa kuhofia moto. Meneja yule hakuwa mtu mbaya. Yeye alikuwa na hati, sisi tulikuwa na makaburi, na mbele ya sheria vitu hivyo viwili havilingani.

Nilikuwa nikidhani kuomba ruhusa ya kuwazuru wafu wako ni jambo la kwetu tu, mpaka mpwa wangu aliporudi kutoka masomoni Albuquerque, katika jimbo la New Mexico nchini Marekani, na kunisimulia habari za vijiji vya milimani kaskazini mwa jimbo hilo. Wakazi wake huzungumza Kihispania chenye maneno ambayo huko Uhispania yalikwishazeeka, ni Wakatoliki, ni wafugaji na wakulima wadogo, na ukoo wao unaanzia kwa walowezi waliofika na Juan de Oñate mwaka 1598. Basi hao ni watoto wa mkoloni. Hata hivyo leo mzee wa huko akitaka kuni katika mlima ambao babu yake alichanja kuni bila kumuuliza mtu, hulazimika kukata kibali katika ofisi ya misitu ya serikali, na akitaka kulisha ng'ombe wake huko hukata kibali kingine, na idadi ya ng'ombe huandikiwa na afisa.

Mambo yalifikaje hapo? Mfalme wa Uhispania, na baada ya mwaka 1821 serikali ya Meksiko, walikuwa wakiyapa makundi ya familia ardhi kwa utaratibu ulioitwa merced. Kila familia ilipata kiwanja cha nyumba na ukanda wa shamba ulioshuka hadi kwenye mfereji wa maji, na sehemu iliyobaki, yaani malisho, msitu, miamba na vyanzo vya maji, ilikuwa ya wote na mtu mmoja hakuweza kuiuza. Mfereji nao ulikuwa na msimamizi aliyechaguliwa na wenye mashamba, na kila majira ya kuchipua watu wote walitoka na makoleo kuuzibua kabla maji hayajafunguliwa. Msomaji wa Muheza au Lushoto hahitaji kufafanuliwa zaidi, kwa kuwa huo ni msaragambo mtupu, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, na Mpare anayeijua ndiva, bwawa la kumwagilia, au Mchagga anayeujua mfongo, mfereji wa mashamba, ataona kwamba hata namna ya kugawana zamu za maji haiko mbali na yake. Mfereji huo wao huuita acequia. Wahispania walilichukua neno hilo kwa Waarabu waliowatawala, na anayejua Kiarabu atalisikia saqiya ndani yake, jambo ambalo lilinifurahisha kuliko nilivyotarajia.

Mwaka 1846 majeshi ya Marekani yaliingia New Mexico, na tarehe 2 Februari 1848 ukatiwa saini mkataba wa amani wa Guadalupe Hidalgo, ambao uliahidi kwamba mali za wakazi wa nchi iliyotwaliwa zitaheshimiwa. Kifungu cha 10, kilichozitaja waziwazi ardhi hizo za merced, kilifutwa na Seneti ya Marekani kabla ya mkataba kuidhinishwa. Vifungu vya jumla vilibaki, nami kama mtendaji mstaafu najua hali ya kifungu cha jumla: kila mtu hukiona kizuri na hakuna anayefungwa nacho. Mwaka 1854 kukawa na ofisi ya mpima mkuu wa kuchunguza madai, na mwaka 1891 ikaundwa mahakama maalumu ya madai ya ardhi iliyofanya kazi hadi 1904. Wanakijiji walitakiwa kuleta karatasi. Wengine walikuwa nazo, zimeandikwa kwa Kihispania, na kesi ziliendeshwa kwa Kiingereza. Wengine karatasi zao zilikwishaliwa na panya au kubaki katika makabati ya serikali iliyoondoka. Ilibidi wakodishe mawakili, na kwa kuwa fedha taslimu hawakuwa nazo, waliwalipa kwa ardhi ileile iliyokuwa ikigombaniwa, mara nyingine theluthi yake na mara nyingine nusu. Mmoja wa mawakili wa Santa Fe wa enzi hizo, Thomas B. Catron, alijikusanyia ardhi hadi akawa miongoni mwa wamiliki wakubwa kabisa nchini Marekani.

Kisa cha Tierra Amarilla ndicho kilichonikalisha kitako. Ardhi hiyo ya karibu ekari 600,000 ilitolewa na serikali ya Meksiko mwaka 1832 kwa Manuel Martínez pamoja na familia zilizohamia naye. Mwaka 1860 Bunge la Marekani liliithibitisha, lakini liliiandika kama mali binafsi ya mrithi mmoja, Francisco Martínez, kana kwamba wale wengine walikuwa wageni wake. Kuanzia hapo hapakuhitajika bunduki. Hisa za warithi zilinunuliwa moja baada ya nyingine, na kufikia miaka ya 1880 mlima mzima ulikuwa wa Catron. Watu waliendelea kulisha mifugo yao na kukata kuni kama kawaida, wengi wao bila kujua kwamba walikuwa wakifanya hivyo katika ardhi ya mtu, hadi siku uzio ulipojengwa.

Kwingine hapakuhitajika hata mnunuzi. Katika kesi ya ardhi ya San Miguel del Vado iliyoamuliwa mwaka 1897, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kwamba chini ya sheria za Uhispania zile sehemu za pamoja hazikuwa za wanakijiji bali za mfalme, kwamba kutoka kwa mfalme zilirithiwa na Meksiko, na kutoka Meksiko zikarithiwa na Marekani. Wanakijiji waliachiwa viwanja vya nyumba na mashamba waliyoyalima. Dai lilikuwa la ekari zipatazo 315,000, na kilichothibitishwa kilikuwa kama ekari 5,000. Ardhi ya San Joaquín del Río de Chama, iliyodaiwa kuwa zaidi ya ekari 470,000, ilithibitishwa ekari 1,422 tu. Sehemu kubwa ya kilichobaki leo ni msitu wa taifa.

Sasa namwomba msomaji mwenzangu alinganishe tarehe. Mwezi Novemba 1895, miaka miwili tu kabla ya hukumu hiyo, serikali ya Ujerumani ilitoa amri iliyoitangaza ardhi yote ya Afrika Mashariki ya Kijerumani isiyo na mwenyewe kuwa ardhi ya dola, na mtu au jamii iliyodai kuwa na haki ilipaswa kuithibitisha. Nani angethibitisha msitu? Nani alikuwa na karatasi ya bonde la malisho, au ya shamba lililopumzishwa miaka sita ili lirudishe rutuba, ambalo kwa macho ya mgeni lilikuwa pori? Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Muheza 1896 na Korogwe 1902, na kila ilikopita mashamba makubwa yalijitokeza kandokando yake. Mkonge wenyewe Mjerumani mtaalamu wa kilimo, Richard Hindorf, aliuleta mwaka huohuo wa 1893 kupitia Florida. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa ni 62 tu iliyosalimika. Asili ya mmea huo ni Yucatán huko Meksiko, na jina la sisal lilitokana na bandari iliyokuwa ikiusafirisha. Kwa hiyo hata jani linalozunguka makaburi yetu lilitoka katika koloni la zamani la Uhispania.

Waingereza walipokuja hawakuirudisha ardhi hiyo. Sheria yao ya mwaka 1923 iliitangaza ardhi yote kuwa ya umma chini ya Gavana. Baada ya uhuru udhamini huo ulihamia kwa Rais, na mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa mwaka 1967, kisha yakauzwa tena kwa watu binafsi katika miaka ya 1990. Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba serikali yetu ni ya kikoloni, na naamini kabisa kwamba ardhi kuwa mikononi mwa mdhamini wa umma kumetukinga na akina Catron wengi. Ninachosema ni kwamba mpaka uliochorwa kwa ajili ya kampuni ya Kijerumani ulirithiwa mara nne, na katika mara hizo zote hakuna aliyeukagua kwa kuuliza ndani yake kulikuwa na nini kabla haujachorwa. Dola hurithi kwa dola, kama majaji wale wa Marekani walivyosema, na kijiji hakimo katika mirathi hiyo.

Msomaji anaweza kuniuliza kwa nini niwahurumie watoto wa Oñate. Swali hilo ni la haki na sitalikwepa. Oñate ndiye ambaye mwaka 1599, baada ya kuuteka mji wa Acoma wa wenyeji wa asili, aliamuru wanaume wenye umri wa zaidi ya miaka 25 wakatwe mguu na kupelekwa utumwani. Mwaka 1680 wenyeji hao, wakiongozwa na Popé, waliwafukuza Wahispania wote, nao wakarudi miaka 12 baadaye. Tierra Amarilla, kabla ya kuwa merced ya mtu yeyote, ilikuwa nchi ya Waute, kabila jingine la wenyeji wa asili. Tena miongoni mwa wale tunaowaita wazawa wa Kihispania wamo wengi wenye damu ya mateka wa kienyeji walioitwa genízaro, waliolelewa kama watumishi majumbani kisha wakapewa ardhi mipakani, kama ile ya Abiquiú, ili wawe ngao ya wengine. Mdhulumiwa na mdhalimu wamelala kaburi moja.

Lakini sisi wa pwani hii ndio wa mwisho kustaajabia hilo. Abushiri bin Salim, ambaye Wajerumani walimnyonga Pangani mwezi Desemba 1889 na ambaye tunamhesabu kuwa shujaa, alikuwa na shamba la miwa lililolimwa na watumwa. Bonde lote la chini la Pangani liliishi kwa sukari ya namna hiyo. Je, dhuluma ya Abushiri kwa watumwa wake iliwapa Wajerumani haki ya bonde? Na wajukuu wa watumwa hao, pamoja na wajukuu wa manamba, yaani vibarua wa mkataba, walioletwa baadaye kutoka Kigoma, Songea na Msumbiji kukata mkonge, ambao mpaka leo wapo wanaoishi katika kambi zisizo na hata robo ekari ya kupanda mihogo, wao wanamdai nani? Nimekaa katika vikao vingi ambamo Mbondei alimwambia mtoto wa manamba kwamba yeye ni mgeni na anyamaze ardhi inapojadiliwa. Sikuwahi kuona kikao cha namna hiyo kikimnufaisha hata mmoja wao.

Madhara yenyewe hayakuishia karne ya 19. Mwaka 1889 na 1890, huko San Miguel katika New Mexico, wanaume waliofunika nyuso, walioitwa Kofia Nyeupe, walikuwa wakitoka usiku kukata nyaya za uzio. Tarehe 5 Juni 1967 wafuasi wa Reies López Tijerina, kiongozi wa harakati za kudai ardhi za merced, waliivamia mahakama ya Tierra Amarilla kwa silaha, na jeshi likapelekwa milimani kuwasaka. Mwaka 2004 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti iliyosema kwamba taratibu zilizotumika zilikidhi sheria za nchi hiyo, kisha ikaliorodheshea Bunge njia za kuchagua, na miongoni mwa njia hizo ilikuwamo ile ya kutofanya lolote. Na mwaka 2022 moto uliowashwa na idara ya misitu yenyewe kwa nia ya kusafisha vichaka uliwashinda, ukateketeza zaidi ya ekari 341,000 katika wilaya za Mora na San Miguel, na mafuriko yaliyofuata yakaijaza mifereji tope na magogo. Bunge lilitenga fedha za fidia, lakini wako waliokwama kwa sababu nyumba walizozaliwa ndani yake bado ziliandikwa majina ya babu zao. Miaka 174 baada ya mkataba, mtu ambaye nyumba yake ilichomwa na moto wa serikali aliulizwa swali lilelile aliloulizwa babu yake: karatasi iko wapi?

Swali hilo ndilo linalonifanya niandike barua hii sasa, wala si kwa ajili ya kumshinda msomaji mwenzangu. Serikali imekuwa ikifuta hati za baadhi ya mashamba yaliyotelekezwa na kuwagawia wananchi, na wapima wanapita vijijini wakitoa hati za kimila. Ni jambo jema na nimelishuhudia likimaliza ugomvi wa ndugu uliodumu miaka 20. Ila nimeshuhudia pia jinsi linavyofanyika. Watu hupanga foleni kuandikisha mashamba yao, kila mmoja akitaka jiwe la mpaka lipigwe mbele ya macho yake, na jioni mpima akifunga vifaa vyake, chemchemi, mapito ya ng'ombe, kichaka cha kuni na makaburi huwa vimebaki nafasi tupu katika ramani. Kila mwenye kiwanja hupewa karatasi yake, na kile kilicho cha wote hakimo katika karatasi hata moja. Ndivyo ilivyokuwa San Miguel del Vado.

Sheria yetu haijatunyima njia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, inakitambua kipande cha ardhi ya kijiji kilicho cha pamoja, inaitaka Halmashauri ya Kijiji ikipendekeze na Mkutano Mkuu wa Kijiji uidhinishe, kisha kiandikwe katika daftari lake. Lakini dada yake, Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka huohuo, inapoeleza maana ya ardhi ya jumla inaingiza ndani yake ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Maneno hayo mawili yamejadiliwa na wanasheria tangu siku yalipoandikwa, nami si mwanasheria. Naona tu kwamba malisho ya kiangazi katika mwezi wa masika hayatumiki, na msitu wa mizimu hauruhusiwi kutumika, na mtu anayetafuta ardhi akifika siku hiyo na kitabu hicho mkononi atayasoma maneno hayo kama yalivyosomwa ya Novemba 1895.

Kwa hiyo naziomba halmashauri za vijiji vya Muheza, Pangani, Korogwe na Mkinga zisisubiri mwekezaji atokee ndipo ziitishe mkutano. Waandike ardhi ya pamoja kwanza, kabla ya mashamba ya watu, na wawapeleke wazee uwandani wakaonyeshe, kwa sababu wanaojua kisima cha zamani kilipo wanapungua kila msimu wa baridi. Waandike na majina ya mahali kwa lugha yanayoitwa, Kibondei kikiwa Kibondei na Kidigo kikiwa Kidigo. Pale shamba kubwa linapofutiwa hati, sehemu ya kwanza kutengwa iwe ile iliyokuwa ya wote, kisha ndipo viraka vihesabiwe, na watoto wa manamba wahesabiwe kama wakazi wengine. Na mashamba ambayo hati zake bado zinaendelea, maofisa wa ardhi wanaweza angalau kuandika njia ya kwenda makaburini ili mtendaji wa leo asiandike barua nilizoandika mimi.

Mwezi uliopita nilirudi katika kijiji kile kwa ajili ya maziko. Nilimwomba mtendaji aliyenirithi anionyeshe daftari la ardhi ya pamoja, naye akalitoa kabatini bila kusita, jeupe, limefungwa vizuri kwa nailoni. Katika ukurasa wa kwanza lilikuwa limeandikwa uwanja wa mpira na kiwanja cha zahanati. Kurasa zilizobaki zilikuwa tupu, na kwa maziko yale ilimbidi aombe ruhusa kwa meneja.

Wako msomaji,
Mtendaji wa kijiji mstaafu,
Muheza, Tanga